Mvua ya Vijiti

Baba yangu aliteremka Kibimba siku ya Alhamisi akiwa na jogoo mmoja, koti lake jeusi la kuendea mnada wa ng'ombe, na njaa. Jogoo alikuwa zawadi ya mjukuu. Njaa ilikuwa ya safari tu, na ningeimaliza kwa nusu saa kama jiko lingekuwa langu. Lakini nilikuwa na mtoto wa miezi miwili, na jiko lilikuwa la mama mkwe.

Sisi ni Wasukuma wa Nyakahura, na kwetu chakula ni ugali. Vingine vyote ni vya kupotezea muda wakati ugali unasongwa. Nikaja kuolewa huku Kibimba, wilaya ya Ngara, kwa Wahangaza, watu wa ndizi na maharage. Sisemi hawana unga. Unga wanao, na ugali wa muhogo wanaula vizuri tu siku za kawaida. Ila kwa mama mkwe wangu mgeni wa heshima hapewi ugali ng'o. Ukimpa, ni kama umemwambia migomba imekauka. Na baba alikuwa mgeni wa heshima kuliko wote, maana Jumapili mwanangu angebatizwa.

Basi Alhamisi ile likaletwa sinia la ndizi na maharage, limejaa mpaka nikaona haya. Baba akala kwa adabu, akanawa, akaegemea ukuta. Kisha akaniinamia akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu kabisa, chakula kinakuja saa ngapi.

Mama mkwe akataka kujua mgeni anasemaje. Nikamwambia anashukuru sana. Weee! Jioni sinia likaja kubwa zaidi. Ijumaa asubuhi zikaja ndizi na utumbo wa mbuzi, mchana ndizi na nyama yenyewe, na kila baba alipoitikia shukrani niliyomtungia, rundo liliongezeka. Mzee wa watu alikuwa anaheshimiwa huku anakonda. Ningeweza kusema ukweli, najua. Lakini nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, na mama mkwe nilikuwa namwogopa kama mwalimu wa hesabu.

Kilichokuwa kinaniuma si tumbo la baba peke yake. Mtoto tulikuwa tumempa jina la mama yangu, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Tangu tumzike, baba hakulitamka tena jina lile. Akimtaja mama anasema "yule", basi. Nami nilikuwa nimemwomba kwa simu kwamba mchungaji akiuliza jina la mtoto, yeye ndiye alitaje. Akakubali haraka haraka, vile watu wanavyokubali mambo kwenye simu. Alipofika akampakata mtoto, akamwita "mgeni mwenzangu", akanirudishia.

Ijumaa jioni akaniambia kesho asubuhi anaondoka, ng'ombe hawana mtu. Ng'ombe wana kaka zangu watatu! Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nikamkumbusha Jumapili. Akasema mchungaji anajua kusoma, jina atalisoma mwenyewe.

Usiku ikanyesha mvua, na Jumamosi jua likatoka kali. Tulikuwa tunangoja bodaboda iliyoitwa kumchukua baba. Baba mkwe, mzee mfupi asiye na maneno mengi, akapita na vijiti viwili kwapani na jembe begani. Akamwambia baba amsindikize kidogo nyuma ya migomba, pikipiki ikija wataisikia. Nikafunga mtoto mgongoni nikawafuata.

Nyuma ya migomba kuna kichuguu alichorithi kwa baba yake, na anakilinda kuliko mbuzi zake. Akakifunika majani ya migomba, akachimba kishimo chini yake, akatandika jani ndani. Kisha akakaa chini akaanza kugonga vijiti juu ya gogo kavu: ti, ti, ti. Baba akauliza kulikoni. Baba mkwe akamweleza, kwa Kiswahili chao cha mnadani, kwamba kumbikumbi walio ndani wakisikia mlio ule wanadhani mvua inanyesha, wanatoka.

Baba akasikiliza kwa muda. Sasa, mjue kwamba huyu mzee ujanani alikuwa mpiga ngoma, na hakuwa wa kubahatisha. Nikamwona mguu umeanza kucheza.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "hiyo si mvua. Hayo ni manyunyu."

Akavua koti, akanipa. Akaokota vijiti vingine, akapiga magoti upande wa pili wa gogo, akashusha mvua ya kwao. Baba mkwe akashtuka, akasema atawatisha, watadhani ni mvua ya mawe. Baba akajibu kwamba mdudu wa maana haamki kwa kubembelezwa. Wakaanza kugombana huku wanapiga, mmoja ti ti ti, mwingine kama amefika kwenye mashindano, jasho linawatoka, na mtoto mgongoni kwangu anarusha miguu. Bodaboda ikaja, ikapiga honi mara mbili. Hakuna aliyegeuka. Dereva akashuka, akaja kutazama, akaokota kijiti na yeye.

Kumbikumbi wakatoka. Wakatoka kama uji unaofurika, mabawa yanameta, wanaporomokea kishimoni. Baba mkwe akachota, akapukuta mabawa, akatia mdomoni wangali hai, akatafuna. Kwetu tunawajua, lakini wa kukaanga, na ni chakula cha watoto. Baba akamtazama mmoja anayempanda mkononi. Akafumba macho, akamla.

"Kumbe chakula mnacho," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe akaja na beseni kuangalia nani anapigana, akawabeba kumbikumbi akawakaanga kwa chumvi, kisha akawa anaziendea ndizi. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamwambia, mama, baba yangu hawa anawala na ugali. Akanikazia macho.

"Na tangu Alhamisi alikuwa anakula nini?"

"Heshima, mama."

Akatikisa kichwa, akasonga ugali wa kulisha kwaya. Baba alikula kimya, kwa bidii, na mara ya pili akaomba mwenyewe. Dereva naye akala, akaondoka bila abiria, maana ugomvi ulikuwa haujaisha: kumbikumbi walitoka kwa mvua ya nani? Ikakubaliwa jambo lile litaamuliwa kwenye kichuguu cha pili, Jumapili mchana, tukitoka kanisani. Baba akasema ng'ombe watamvumilia.

Jumapili akakaa benchi la mbele na koti lake jeusi. Mchungaji akashika maji, akauliza mtoto huyu anaitwa nani. Nikamtazama baba. Mkono wake ukaingia mfukoni. Nikasema moyoni, haya, imeshindikana. Kisha kanisa zima likasikia kitu kinavunjika: kracha, kracha. Shavu la baba lilikuwa limetuna. Mfuko wa koti ulikuwa umejaa kumbikumbi wa kukaanga, na mzee wa watu alikuwa anajipa moyo kwa kutafuna. Kwaya ikaangua kicheko, mchungaji akaangalia chini, mama mkwe akajifunika khanga usoni.

Baba akameza. Akasimama, akaushika mguu wa mtoto. Akalitaja jina la mama yangu, si kwa sauti ya kanisani, bali kwa ile aliyokuwa anamwitia kutoka zizini, kwamba maziwa yako tayari, njoo. Nilikuwa nacheka, nikajikuta nalia.

Mchungaji alihitaji mara moja tu. Baba alimwita mara tatu.