Yuko Likizo na Amesimama Hapa

Juzi nilikuwa ofisi ya shamba moja la mkonge hapa Voi, mfanyakazi mmoja akaingia kuomba ruhusa akamwoze binti yake kijijini Ronge. Karani akatazama kompyuta.

"Mzee, wewe uko likizo tayari."

"Dada, si niko hapa mbele yako?"

Kosa ni la programu. Inakata majina ikifika herufi ya tano, na kwa Wataita nusu ya wafanyakazi ni Mwaki-fulani. Aliyeenda likizo ni Mwaki mwingine.

Toleo jipya lisilokata majina lipo. Karani alivuta droo akanionyesha disketi, bado zimo kwenye nailoni yake. "Bosi anasema tungoje wenzetu wa shamba la Taveta waanze. Zisije zikatuharibia kazi."

Alhamisi nikapitia Taveta, nikawauliza hao wenzao.

"Sisi tunangoja Voi," wakanijibu, bila hata kuona haya.

Tahadhari ni nzuri, lakini hawa wanaambiana "tangulia wewe" mlangoni huku walio nyuma wananyeshewa.

Yule mzee hakungoja mtu. Siku ile pale ofisini alivaa kofia yake polepole.

"Kama niko likizo, dada, hapa kazini natafuta nini?"

Akaenda zake Ronge.