Mabati ya Krismasi

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Daktari wa misheni alimwambia baba mbele yangu, "Dawa ni nusu, mzee. Nusu nyingine ni joto. Akinyeshewa, au akilala kwenye baridi, utampoteza." Baba akaitikia ndiyo, ndiyo. Kwa ndiyo baba alikuwa hodari.

Na Ufipa kuna baridi, jamani! Mwezi wa saba unatoka asubuhi kufagia uwanja, vidole vinakataa kushika ufagio. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, paa nene, jeusi kwa moshi, na ndani kulikuwa na joto. Mama alikohoa, akalala, akaamka. Maisha yakaenda hivyo.

Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ikawa huru. Malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda mpaka kijijini kwetu kununua mahindi, na kule Sumbawanga mjini maduka yakajaa mabati. Kila aliyeuza magunia yake akaezua nyasi. Baba naye akapandwa na wazimu huo. "Krismasi hii," akasema, "hatuli chini ya nyasi kama panya."

Mama akamwambia taratibu, "Baba watoto, bati ni baridi. Ngoja nipone kwanza."

Thubutu! Sikio la kufa halisikii dawa. Kiangazi kile, wakati wenzetu wachache walikuwa wakikata nyasi kavu za kuezekea, baba hakukata hata tita moja. Akanunua mabati yale membamba, ukiyabonyeza kwa dole gumba yanabonyea, na mvua za kwanza zilipokaribia akaezua nyumba pamoja na jiko, akaezeka bati. Nyasi za zamani akaniamuru nizifukie chini ya matuta ya maharage nyuma ya nyumba. Sisi Wafipa nyasi hatuzitupi, tunazifukia zioze ziwe mbolea. Nilichimba kutwa nikinung'unika. Mama aliketi kibarazani, kajifunika blanketi, akizitazama zinavyoingia ardhini.

Siku ya Krismasi tukatoka kanisani, wali umeiva, mabati yanang'aa, na baba anapokea pongezi kama bwana harusi. Hatujamaliza kula, wingu likafunga. Ukaja upepo, ikaja mvua ya mawe. Kelele ile juu ya bati, hata ukipiga yowe mwenzako hasikii. Mara upande wa chumba cha mama ukang'oka wote, mabati yakaruka mpaka shambani kwa jirani, na mvua ikammwagikia mama kitandani. Mimi na baba tulimbeba hadi jikoni. Alikuwa ametota, meno yanagongana, na mawe ya barafu yamenasa kwenye nywele zake.

Baba aliyaokota mabati, akayanyoosha kwa nyundo, akayarudisha. Yalivuja kila penye tundu la msumari wa zamani. Chumba hakikupata joto tena, na kikohozi cha mama kikabadilika sauti.

"Nirudishieni nyasi zangu," akasema.

Nyasi zipi? Za bondeni zilikuwa mbichi, ukiziezeka zinaoza juu ya kichwa chako. Nikachukua jembe, nikaenda kufukua tuta. Nilijua ni upuuzi, nikafukua hivyo hivyo. Nikakuta udongo mweusi, laini, na mizizi ya maharage imeshausokota. Nikakaa palepale kwenye tope nikalia kwa hasira. Nilimchukia baba. Siku hizi namwonea huruma, lakini siku ile nilimchukia hasa. Alikuwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi, akilitazama lile shimo.

Mama alikufa Kwaresma, maharage yakiwa yamekomaa. Watu wakajaa msibani, na watu msibani lazima wale. Tukavuna yale matuta. Jamani, yalizaa! Sijaona maharage kama yale, si kabla wala baadaye.

Mama mmoja jirani, aliyekuwa akisimamia masufuria, akaonja, akatikisa kichwa. "Haya maharage, mwanangu! Mliweka mbolea gani?"

Baba alikuwa ameketi karibu, bakuli mkononi, kijiko kimefika mdomoni.

"Paa la mama," nikamjibu.

Baba akaliweka bakuli chini.