Barua Mbili, Muhuri Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa taipureta yenye herufi moja iliyolegea, kikombe cha chai, na mwanafunzi wa kunieleza habari za minyoo. Chai nilikuwa nimeitarajia. Minyoo sikuitarajia hata kidogo.

Nilikuwa msichana kutoka Ukambani, naishi mtaa wa Buruburu, Nairobi, kwa mjomba wangu aliyekuwa karani wa baraza la jiji. Yeye ndiye aliyenitafutia nafasi ya uchapaji katika kitivo cha tiba cha chuo kikuu. Nilivaa sketi yangu ya kanisani na kufika kabla mlango haujafunguliwa. Mkuu wa Kitivo, bwana mkubwa wa wahadhiri wote pale, alinikuta nimesimama koridoni.

"Wewe ndiye karani mpya?"

"Ndiyo, Profesa."

"Sayansi umesoma?"

"Mpaka kidato cha pili tu, Profesa."

"Vizuri sana," akasema, nami nikadhani ananicheka. "Keti hapa. Kijana huyu atakueleza utafiti wake. Ukielewa, tia sahihi pembeni mwa karatasi. Usipoelewa, mrudishie. Na usitikise kichwa kwa adabu tu, maana hapo utakuwa umenidanganya mimi na wagonjwa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya ofisi ile. Hakuna ombi la mwanafunzi lililofika mbele ya kamati kabla mwenyewe hajamweleza karani. Yule kijana wa minyoo nilimrudishia karatasi mara mbili kwa woga, kwa kuwa yeye alikuwa karibu kuwa daktari na mimi nilikuwa nani? Mara ya tatu alichoka na maneno. Akanipeleka maabara, akanichoma kidole, akaweka tone la damu yangu, chakula cha minyoo yake, kwenye kioo na kuniambia nichungulie kwenye darubini. Niliona vijiduara vyekundu visivyo na hesabu, vimetulia tuli, na vyote vilikuwa vyangu. Nilikuwa nimetembea na vitu vile tangu kuzaliwa bila kujua. Nilirudi kwenye taipureta nikachapa barua nzima bila karatasi ndani.

Niwaeleze vijana kazi yenyewe. Ruzuku ni fedha anazopewa mtafiti ili ajibu swali fulani, wala harudishi. Anachorudisha ni jibu. Ruzuku zetu zilikuwa ndogo, za wanafunzi wa shahada ya kwanza, watu ambao bado wanaosha soksi zao kwenye karai la hosteli. Kila mmoja alikuwa na mhadhiri mlezi, yaani mwalimu anayemshika mkono tangu swali hadi jibu. Mwanafunzi aliandika andiko, ambalo ni maelezo ya anachotaka kujua na atakavyokijua. Kamati ya ruzuku ilisoma andiko. Kisha, kama utafiti uligusa mwili wa binadamu, hata unywele mmoja, liliendelea hadi kamati ya maadili, kazi yake ikiwa kuhakikisha hakuna anayeumizwa wala kutumiwa. Bila kibali cha kamati hiyo huruhusiwi kumgusa mtu. Sindano inakaa kwenye pakiti.

Nilitoka kwenye uchapaji nikaenda masjala, chumba cha mafaili, chini ya msimamizi aliyejua kila faili kwa harufu. Kutoka hapo nikapelekwa idara ya vimelea, ambako Mkuu wa Idara alizoea kuniambia, "Faili ni mgonjwa, Madam. Usimwache wodini bila kumwangalia." Miaka ikaenda, taipureta ikaondoka, kompyuta ikaja, na mwishowe nikafanywa mratibu wa ruzuku za wanafunzi. Nilijivuna kwa mafaili yangu. Nilijulikana kuwa mkali, na sikujitetea.

Ndipo akaja Nafula.

Nafula alilelewa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, ambapo jua lilimfikia jirani wa mbele tu. Baba yake alikuwa mlinzi wa bohari. Alikuwa wa kwanza kwao kukanyaga chuo kikuu. Alipoketi mbele yangu kunieleza andiko lake, hakufungua karatasi.

"Madam, kule machinjioni Kiamaiko kuna wachinjaji wa mbuzi wanaoumwa viungo na homa mwaka mzima," akasema. "Wakienda kliniki wanaambiwa ni malaria. Wanameza dawa, homa inarudi. Mimi nadhani wengi wao wana brusela, ugonjwa unaotoka kwa mbuzi. Nataka kupima damu yao nijue. Wakiwa nao, kuna dawa yake."

Nilitia sahihi pale pale. Nilikuwa nimenunua nyama Kiamaiko miaka yote hiyo na sikuwahi kujiuliza mikono inayoikata inaumwa wapi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mficha uchi hazai. Kamati ya maadili ilikuwa ikituletea barua mbili kwa kila andiko. Ya kwanza ilisema tu kwamba andiko limepokelewa na litajadiliwa. Ya pili, wiki kadhaa baadaye, ndiyo iliyokuwa kibali. Zote mbili zilikuwa na kichwa kimoja, nambari moja na muhuri mmoja wa zambarau. Nilikuwa nimeziona mamia kwa mamia. Barua ya Nafula ilipofika, niliona muhuri, nikaona jina lake, nikafurahi kama mama aliyeona matokeo ya mtihani wa mwanawe. Sikusoma hadi chini. Nikaiweka kwenye faili mahali pa kibali, nikampigia simu.

"Endelea, binti yangu. Kibali kimekuja."

Mhadhiri mlezi wake, daktari wa maneno machache, alifungua faili, akaona muhuri, naye akaamini. Akaenda Kiamaiko pamoja na Nafula na mtaalamu wa maabara, na wachinjaji wakakunja mikono ya mashati. Damu ikaletwa, kila kichupa kikiwa na nambari na tarehe, ikawekwa kwenye jokofu. Siku chache baadaye nilikuwa napanga faili lile nikasoma barua hadi mwisho. *Limepokelewa na litajadiliwa.* Nikaisoma tena.

Kanuni ilikuwa wazi. Mwanafunzi aliyechukua damu ya mtu bila kibali hunyang'anywa ruzuku na kufikishwa mbele ya baraza la nidhamu, na baraza linaweza kumsimamisha masomo. Nikamwita Nafula, nikafunga mlango. Sasa nitasema nilichosema, ingawa kinaniaibisha hadi leo.

"Kibali chenyewe kitafika wiki ijayo," nikamwambia. "Vichupa viko kwenye jokofu. Tunaweza kubandika tarehe nyingine. Hakuna atakayejua."

Alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Lakini Madam, wao wanajua siku waliyotoa."

Nilikuwa na umri wa kumzaa. Nilikuwa nimefundisha wanafunzi maadili ya utafiti kwa fomu na vipeperushi, na binti huyu wa Pipeline, mwenye kila sababu ya kukubali, alinirudishia somo kwa sentensi moja. Nilimheshimu mno siku ile, hata niliona haya kumtazama. Nikachukua faili nikaenda kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ruzuku, nikamwambia kosa ni langu.

Alisoma barua polepole. "Umefanya kazi hapa muda gani, Madam?"

"Tangu nikiwa msichana, Profesa."

"Na ulisahau kusoma."

"Nilisahau kusoma."

Hakunigombeza, nami ningependa anigombeze. Aliniandikia barua ya onyo, ambayo bado iko kwenye faili langu, mahali pake sawasawa. Kuhusu Nafula aliamua hivi: damu yote iteketezwe. Kibali kikifika, mwanafunzi mwenyewe arudi Kiamaiko, awaeleze wachinjaji ukweli wote, kisha aombe upya. Wakikataa, utafiti umekwisha na ruzuku inarudi. Kesi ya nidhamu ingengoja jibu lao.

Nilisimama karibu na tanuri la taka za hospitali vichupa vilipokuwa vikiteketezwa. Ile ilikuwa damu ya watu waliotuamini.

Kibali kilifika. Nilikisoma mara tatu, na mara ya nne kwa sauti. Kisha mimi na Nafula tukaenda Kiamaiko mnamo saa nne asubuhi, kazi ya kuchinja ikiwa imepungua na sakafu inamwagiwa maji. Msimamizi wa wachinjaji alikuwa Mzee Guyo, Mborana mrefu aliyetembea akishika kiuno. Wanaume wakakusanyika na mabuti yao ya mpira. Nafula akawaeleza yote: kwamba damu yao ilichukuliwa kabla ya ruhusa, kwamba imechomwa, kwamba amekuja kuomba tena na wana haki ya kukataa. Nami nikasema barua niliisoma vibaya mimi.

Kijana mmoja akasonya. "Siz, juzi tu si mlitudunga? Mkachoma. Leo mnataka tena. Kwani sisi ni mfereji wa kufungulia?"

Wenzake wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Mzee Guyo hakucheka.

"Binti, sisi tulikubali siku ile?"

"Mlikubali, Mzee."

"Damu ni yetu. Sasa hiyo kamati ni kubwa kuliko sisi?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa lugha ya ofisi. Nafula akanitangulia.

"Si kubwa kuliko nyinyi, Mzee. Iliwekwa kwa sababu ya watu kama mimi. Mimi nataka jibu sana. Mtu anayetaka kitu sana anaweza kuwasahau wenye damu."

Mzee Guyo alimtazama muda mrefu. Maji yalikuwa yakipita kati ya mabuti yetu. Kisha akavuta kreti ya soda, akaketi juu yake kwa maumivu ambayo kila mtu aliyaona, akaanza kukunja mkono wa shati. Nyuma yake wakaanza kujipanga. Si wote, wachache waliondoka, na Nafula akawashukuru pia. Yule kijana wa mfereji alikuwa wa tatu kwenye foleni. Mimi nilisimama pale nimeshika fomu za ridhaa, zile anazotia sahihi mtu anayekubali kupimwa, na sikuweza kuhesabu kurasa kwa machozi.

Nafula hakufikishwa kwenye baraza la nidhamu. Alipata jibu lake, na waliokuwa na ugonjwa walipelekwa kutibiwa. Ni akina nani, sitasema. Katika ripoti kila mtu ni nambari, na siri ile haistaafu pamoja na karani.

Siku hizi niko Buruburu, napalilia sukumawiki nyuma ya nyumba. Vijana wa mtaa wakisikia nilikuwa ofisi ya ruzuku wanadhani nilikuwa nagawa pesa. Ningeweza kuwaambia kwamba nilikuwa nasikiliza maswali tu, na kwamba baada ya miaka yote hiyo bado nashangaa jinsi swali la mtoto wa miaka ishirini na mmoja linavyoweza kuinuka kutoka chumba kisicho na jua likamponya mtu asiyemjua. Lakini mara nyingi nawasimulia siku niliyoagwa.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa kitivo. Nafula, ambaye sasa ni daktari, alikuja na mgeni mrefu aliyevaa koti na kofia nyeupe. Safari hii alitembea bila kushika kiuno. Mwenyekiti akamkaribisha, akauliza mbele ya watu, "Na mzee wetu huyu ni nani?"

Mimi na Nafula tukatazamana, tukanyamaza. Kanuni ni kanuni.

Mzee Guyo akasimama. "Hawa hawaruhusiwi kusema. Mimi naruhusiwa," akasema. "Mimi ni mchinjaji. Nimekaa Nairobi hii miaka mingi. Nimeamrishwa na polisi, na kanjo wa jiji, na daktari pia. Hawa waliniomba damu. Halafu wakarudi kuniomba tena."

Akaketi, akaendelea na chai yake.