Jopo la Kutazama Rangi

Kwa miaka mingi Jucilene Sant'Anna alifanya kazi kwa mkataba wa muda katika kampuni moja ya bima mjini Salvador, Brazili. Kila nafasi ya kudumu ilipotangazwa aliomba, akafaulu mtihani, akaangukia kwenye usaili. Zamani magazeti yaliandika waziwazi kwamba anatakiwa mtu "mwenye mwonekano mzuri", na kila mweusi alielewa kuwa yeye asijisumbue. Siku hizi hawaandiki, basi.

Mama yake, Dona Zuleide, alikuwa na dawa yake. Tangu binti akiwa mdogo, kabla ya jambo lolote la maana, alimkalisha jikoni akamnyoosha nywele kwa chanuo la moto, kisha akampaka poda nyeupe kuliko ngozi yake.

"Vumilia, mwanangu. Wakuone mtu."

Mwaka huo kampuni ikatangaza nafasi za kudumu kwa weusi peke yao, na ofisi ikachafuka.

"Siku hizi kazi ni rangi, siyo kichwa," alisema Everaldo, jirani yake wa meza. "Dada, wewe umeshapita. Tupikie basi hata feijoada, tule maharage ya sherehe."

"Mtihani ni uleule. Kwani wewe uliufanya?"

"Mimi niliingia kwa mlango wa mbele!"

"Ndiyo, na mjomba wako ndiye aliyekushikia mlango."

Watu wakaangua kicheko, Everaldo akanuna.

Jucilene akawa wa kwanza kwenye mtihani. Likabaki jopo la kutazama rangi, lililowekwa kwa sababu kuna weupe waliojiita weusi ili wanyakue nafasi. Asubuhi ya siku hiyo Dona Zuleide akawasha jiko, akapasha chanuo, akatoa na poda. Jucilene angeweza kukataa. Lakini, kusema kweli, hata yeye hakujua mtu anaendaje mbele ya wakubwa na nywele zake kama zilivyoota.

Wanajopo walimtazama uso, pua, nywele. Hawakumuuliza lolote kuhusu bima. Alipoona wananong'onezana akatoa picha ya bibi yake, mweusi tii.

"Irudishe, dada," alisema mwenyekiti kwa upole, mwanamke mweusi mwenye nywele zake za asili. "Hatumwangalii bibi. Tunakuangalia wewe."

Wakamkataa.

"Hee!" Everaldo, aliyekwisha kuzisikia habari, alimpokea mlangoni mwa ofisi. "Kichwa kimepita, rangi ndiyo imekataa?"

Jucilene alizoea kumjibu. Siku hiyo alichukua mkoba wake akaondoka, roho ikimuuma vibaya mno.

Nyumbani mama yake alikuwa akikoroga maharage.

"Mama, jopo limesema mimi si mweusi."

Dona Zuleide akaweka mwiko chini. "Wamesema hivyo? Kwa midomo yao?"

"Kwa midomo yao."

"Wote?"

"Wote, mama."

Mama mtu akajifuta macho kwa aproni, uso umemchanua, akafungua dirisha akamwita jirani yake. "Comadre Nilza! Njoo, njoo usikie walichosema kuhusu mwanangu!"

Jucilene alikuwa bado hajamwambia kwamba kazi ameikosa.