Amito Anavyosikiliza Kompyuta

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Muulize mke wangu Nakhisa. Nilikuja Kampala kutoka Bungoma miaka ishirini na miwili iliyopita, nina duka la kupiga taipu na kutoa kopi hapa Wandegeya, na mafundi wa kompyuta nimewaona tele. Wengi huzima mashine, huiwasha, kisha hutikisa kichwa. Lakini Amito namvulia kofia.

Ni binti wa askari, amekulia kambini Makindye. Amekodi meza moja dukani kwangu, na kazi yake ni kutengeneza kompyuta za wasioona, zile zinazowasomea maandishi kwa sauti. Kabla ya lolote huifunika skrini kwa leso. Mara ya kwanza nilimcheka.

"Mzee Sifuna," akaniambia, "mwenye hii kompyuta haoni skrini. Mimi nikiangalia, macho yatanidanganya."

Alhamisi iliyopita alikuja Afande Ochola, ameshikwa kiwiko na mkewe Adyero. Alikuwa polisi hadi ugonjwa ulipomchukua macho, miaka minne sasa. Siku hizi anasomea ushauri nasaha, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa Jumatatu. Aliiweka kompyuta mezani.

"Amito, futa kila kitu. Mimi naacha masomo. Kichwa yangu imeharibika. Sentensi ikifika katikati, nasahau ilianza namna gani. Ule ugonjwa ilikula macho, sasa iko kwa ubongo."

Adyero alikuwa akilia kimya kimya. 

"Kale, sawa, Afande," Amito akasema. "Lakini kwanza nisikie inavyokusomea."

Akafunika skrini. Sauti ikaanza kusoma maandishi ya masomo yake: "Mshauri asimkatize mtu aliyefiwa, bali ampe nafasi ya kusema yaliyo," kimya, "moyoni mwake hata kama anarudia jambo lile lile mara nyingi na," kimya tena. Amito akabadilisha sauti ya kike kuwa ya kiume. Ikasimama vilevile. Akapunguza mwendo, akachomoa spika, akaweka nyingine. Hakuna kilichobadilika.

Mimi mjuaji nikapaza sauti, "Hizo sauti za bure ndivyo zilivyo! Mashine takataka hiyo, anunue nyingine."

Amito alizidi kutega sikio. Alikuwa akigonga meza kwa kidole, neno moja pigo moja.

"Maneno kumi, inasimama," akasema. "Kumi na moja, inasimama. Kumi tena. Mtu akiongea anapumzika pale maana imeisha. Hii inapumzika kwa kipimo."

Akafungua barua ambayo binti yao alimwandikia Ochola. Sauti ikaisoma yote bila kukwama. Basi sauti ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa ndani ya yale maandishi ya masomo.

Ndipo akaondoa leso, akawasha alama zinazoonyesha vitufe vilivyobonyezwa. Mwisho wa kila mstari, mtu alibonyeza kitufe cha kuanzisha aya mpya, sentensi iwe imeisha au haijaisha. Kila alama ile iliiambia sauti, aya imekwisha, pumzika.

Nilitazama ukurasa ule, nikaitambua kazi yangu. Nyani haoni kundule. Mimi nilijifunza taipu kwa mashine ya zamani: kengele ikilia, unasukuma mkono wa mashine, unaanza mstari mpya. Kompyuta huhamia mstari wa pili yenyewe, hilo nalijua, ila mkono wangu haujawahi kukubali. Kwenye karatasi hakuna anayegundua. Mwezi wa pili mwanafunzi mmoja aliniletea daftari zima la masomo haya nilipige taipu na kumwekea kwenye flashi, nami sikuuliza linakwenda kwa nani.

Amito alinitazama mara moja tu, nikajua ameshajua. Angeweza kunimaliza mbele ya wateja. Badala yake aliinama akafanya kazi: aliweka alama mahali aya zinapokwisha kweli, akaziondoa nyingine zote, kisha akarudisha leso juu ya skrini na kusikiliza ukurasa baada ya ukurasa mchana kutwa. Sijaona subira kama ile.

Alipomaliza, niliona aibu kunyamaza.

"Afande," nikasema, "aliyekata hizo sentensi ni mimi. Nilizipiga taipu vibaya. Nisamehe."

Ochola akamgeukia Amito. Aliomba asomewe ukurasa mmoja, akausikiliza hadi mwisho ameshika ukingo wa meza. Kisha akaurudia wote kwa kichwa, sentensi kwa sentensi, sisi tukifuata kwenye skrini. Hakuacha hata moja.

"Kwa hivyo kichwa yangu ni mzima?" akauliza taratibu.

"Ni mzima, Afande," Amito akamwambia. "Ilikuwa mzima siku zote."

Ochola akanyoosha mkono kumtafuta mkewe.

"Adyero, beba hiyo kompyuta twende nyumbani. Jumatatu iko karibu."