Tangazo la Paluku

Turubai lililonyeshewa usiku kucha, jua la asubuhi likilipiga, hutoa harufu ya plastiki ya moto na maziwa yaliyochacha. Mwaka wangu wa kumi na moja una harufu hiyo. Tuliishi kwenye kambi ya wakimbizi pembeni mwa Goma, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo kigingi hakikuweza kuyapenya, hivyo watu walifunga kamba za vibanda vyao kwenye mawe yenyewe na kuomba upepo usije. Tulitoka kijiji cha milimani juu ya Kibirizi. Sisi ni Wanande, na Kinande ndicho tulicholimia, tulichogombania na tulichosalia. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha shuleni na cha sokoni. Mama hakuwa nacho, ila salamu na majina ya mboga.

Tuliondoka nyumbani watatu, tukafika wawili. Baba alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi kabla ya vita, kwa hiyo tulikuwa Mama, mimi, na mdogo wangu Paluku wa miaka sita. Kule Kiwanja, mji wa njiani, lori lilisimama na watu wakalivamia. Mama alipanda kwanza na mzigo, akanigeukia: "Masika, mshike mdogo wako." Nilimshika. Risasi zilipolia nyuma ya soko, umati ulisukuma kama maji yaliyovunja ukingo, nami nikahitaji mikono yote miwili kushika ubavu wa lori. Nikamwachilia. Lori likaondoka. Nilimwambia Mama kwamba watu walimpokonya mkononi mwangu. Mama alipiga yowe, akataka kuruka, wanaume wakamzuia. Hakuniuliza tena.

Kila Jumanne na Ijumaa alikuja kambini Mwalimu Saleh, mzee wa Birere, mtaa wa soko mjini Goma, mwenye asili ya Maniema, mstaafu, kofia yake nyeupe hata siku za vumbi. Alikusanya matangazo ya watoto waliopotea, akayapeleka redioni yasomwe alasiri kwa Kiswahili. Mama alieleza kwa Kinande, mimi nikageuza, Mwalimu akaandika: Paluku, miaka sita, shati la kijani, alipotelea Kiwanja. Tangazo liliposomwa, Mama alitambua jina tu. Nilipomfasiria mengine, alitikisa kichwa. "Huyo ni mtoto yeyote," akasema. "Nani atamjua mwanangu kwa shati?"

Safari iliyofuata nilimwomba Mwalimu daftari niandike mwenyewe. Niliandika kwamba Paluku hutembea ameinamisha kichwa upande kama anayesikiliza mlangoni, kwamba humenya kila punje ya haragwe kabla ya kula, kwamba anamwogopa bata mzinga kuliko mbwa. Mama alikuwa na neno moja la Kinande la jinsi Paluku alivyocheka akiona haya. Mimi nililizunguka kwa sentensi tatu na bado sikulifikia. Mwalimu alisoma na kalamu mkononi. "'Mutoto' ni ya mudomo, mwanangu. Kwenye karatasi andika 'mtoto.'" Akakata kidogo, akaacha lile haragwe. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika, nikimtafuta ndugu yangu kwa maneno ya watu wengine.

Wiki ya tano tuliitwa: Paluku amepatikana. Mama alikimbia pekupeku juu ya yale mawe hadi miguu ikatoka damu. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mwanamke aliyemleta. Kwetu mzaliwa wa kwanza wa kiume huitwa Paluku, na Mapaluku waliopotea kwenye njia ile walikuwa wengi. Huyu hakuwa wetu. Alimtazama Mama kwa muda mrefu, akamuuliza kwa Kinande, "Ni wewe mama yangu?" Mama alimwosha uso, akamlisha uji wetu wote, akakaa naye hadi jua likasogea. Kisha akamwambia, "Hapana, mwanangu. Lakini anakuja." Tangu siku ile hakula vizuri tena. Alilala akiwa ameelekea ukuta wa turubai, na mimi niliona kwamba nitabaki peke yangu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Ijumaa iliyofuata niliandika tangazo fupi kuliko yote, nikampa Mwalimu. Alilisoma, akavua miwani.

"Mama yako anajua hii maneno?"

"Hapana, Papa. Hasikii Kiswahili."

"Redio haisemi na mutu mumoja, Masika."

"Najua."

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

Jumamosi alasiri wanawake walikuwa wanachambua mboga karibu na redio ya jirani yetu, Mama Zawadi. Sauti ikasoma: "Paluku, mimi ni dada yako Masika. Hakuna aliyekupokonya. Ni mimi niliyeuachilia mkono wako ili nipande. Kama unaweza kunisamehe, mwambie yeyote jina la Mama, atakuleta." Mikono yote ilisimama juu ya mboga. Mama aliinua kichwa. "Amesema nini?" akamuuliza Mama Zawadi, aliyejua lugha zote mbili. Mama Zawadi alinitazama, kisha akatazama sufuria. "Anasema wanamtafuta," akajibu. Mama aliitazama mikono yangu, akachukua dumu, akaenda kuteka maji.

Paluku hakurudi. Kambi ilivunjwa, tukahamia chumba kimoja mtaani Katindo, Mama akauza mboga Birere miaka mingi hadi Kiswahili kikamkaa mdomoni, mimi nikasoma na kuandika. Leo nina vitabu vinne, vyote kwa Kiswahili. Watu wa kwetu huniambia kwamba mwacha asili ni mtumwa, nami huwajibu mambo ya wasomaji na wachapishaji. Ukweli ni kwamba siku zile Kiswahili kilikuwa chumba ambacho Mama hakuweza kuingia, na humo ndimo nilimoweza kusema.

Vita vimerudi. Safari hii Mama amekimbilia Butembo kwa ndugu, nami niko mbali naye, nikimsikia kwa simu inayokatika. Mwezi uliopita, bila utangulizi, alisema, "Lile tangazo lako. Mama Zawadi hakujua kudanganya. Nilijua siku ile ile."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe."

Nilianza kumwambia, kwa Kiswahili changu kizuri, kilichonyooka. Akanikatiza. "Usiniambie kwa hicho. Niambie kwa chetu."

Nikafungua mdomo. Watu huniita bingwa wa lugha. Katika Kinande bado nina miaka kumi na mmoja, na hata hiyo imechakaa. Nililipata jina la Paluku, nikalipata neno la mkono. Neno la kuachilia halikuja. Nilirudia yale mawili, mara tatu, mara nne, nikilia. Kisha Mama akalitamka lile neno lililonipotea, taratibu, kama anayemfundisha mtoto mchanga kusema, akangoja. Nikalitamka baada yake.