Mwanamke Aliyesema "Mismo"

Mwaka tuliorudi Palma kutoka Mtwara, tulikokuwa tumekimbilia kuepa vita, hakuna aliyemfungulia mlango mtu asiyemjua. Ukikutana na sura ngeni kisimani, unaitazama kwanza toka utosini hadi viatuni, ndipo unaitikia salamu. Chefe, kiongozi wa bairro, yaani mtaa wetu, alikwisha kutuonya: atakayemlaza mgeni bila kumpasha habari, ajibu mwenyewe kwa wanajeshi.

Basi asubuhi moja mwanamke wa makamo, furushi kichwani, alipopiga hodi, nilisimama katikati ya mlango.

"Salama, mwanangu. Namtafuta…" Akataja jina la utani ambalo sijapata kulisikia.

Nyuma yangu shangazi, niliyekuwa nikiishi naye, aliuweka chini ungo wa mchele. Utotoni serikali ilimpeleka Kuba kusoma, pamoja na watoto wengi wa Msumbiji. Alirudi na Kihispania kisicho na wa kukisikia ila mbuzi wa jirani, aliowatukana kwacho wakila mboga zake.

"Jina langu hilo umelipata wapi?"

"Tulisoma wote Kuba. Natoka Mocímboa. Nyumba imechomwa, sina pa kwenda."

Shangazi hakumkumbuka. Lakini mgeni alisimulia mashamba ya michungwa walikofanya kazi baada ya masomo, na baridi ya alfajiri kwenye foleni ya maziwa, na yote yalikuwa kweli. Akakaribishwa ndani. Mimi nikaenda kwa chefe kutoa taarifa, kisha nikarudi nikalificha panga.

Mchana mgeni aling'ang'ania kupika. Akatuletea samaki wa nazi, akatabasamu, akasema kwa Kihispania: "Lo hice yo mismo."

Shangazi alisita, tonge mkononi. Baadaye aliniita uani.

"Umesikia? Amesema, 'nimepika mimi mwenyewe.'"

"Si kweli kapika yeye?"

"Amesema *mismo*. Hivyo husema mwanamume. Mwanamke husema *misma*."

Kwetu mwenyewe ni mwenyewe, awe mume au mke, kwa hiyo jambo lilikuwa dogo kwangu. Nikamwambia huenda ni Kireno kimemchanganya. Sokoni wanawake wangapi husema *mesmo* na hakuna anayeshtuka?

"Sokoni, sawa. Lakini bweni zima la wasichana, miaka yote ile, sikumsikia hata mmoja. Huyu hakulala bweni letu."

Tangu hapo kila alichofanya kilinitia shaka. Simu yake ililia, akanipa kisogo na kuongea Kimwani, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Alipofua nguo zake, nilimwona kama anayekagua ukuta wetu. Hata alivyoswali niliona anakawia mno kwenye sijda.

Baada ya alasiri shangazi hakuvumilia. Alikaa mbele yake mkekani.

"Dada, Kihispania ulifundishwa na nani?"

"Na walimu, kama wewe."

"Walimu wangekusahihisha. Unajisema kama mwanamume."

Mgeni aliinamisha kichwa, akalifunga upya pindo la kanga yake.

"Kaka yangu ndiye aliyekwenda Kuba," alisema. "Aliporudi alinifundisha, tupate kusema yetu mama asielewe. Nilimwiga neno kwa neno. Sikujua kwamba mwanamke ana lake."

"Yuko wapi?"

"Waasi walipoingia Mocímboa alitoka kumtafuta mkewe. Hatukumwona tena."

"Mbona hukusema hivyo mlangoni?"

"Dada wa mtu mngemfungulia?"

Mimi nilikuwa nawaza kwamba aliyedanganya asubuhi hashindwi kudanganya alasiri. Nadhani shangazi naye aliwaza hivyo, maana alimuuliza jina la kaka, akalisikia, kisha akauliza ghafla:

"Kaka yako alikuwa akiogopa nini?"

"Vyura," alijibu papo hapo. "Hata alipokwisha kuota mvi. Mvua ikinyesha hatoki nje bila taa."

Shangazi alicheka kwa sauti, kisha akajifunika uso kwa ushungi, na mabega yakaendelea kutikisika. Mgeni alisogea akamshika mkono.

Alikaa kwetu mpaka mvua za kwanza, akaenda kijiji cha Mute kwa jamaa zake waliokuwa wamerudi karibuni, wakampa shamba la kulima. Shangazi alimfundisha kusema *misma*. Akisema taratibu alipatia, akisahau, kaka yake alirudi mdomoni mwake. Nami nilizoea kumwacha peke yake nyumbani, ingawa si upesi.

Shaka yangu ikamhamia shangazi. Wavulana walilala bweni lao, ng'ambo ya uwanja. Amejuaje kwamba mmoja wao, mvua ikinyesha, anaogopa vyura?

Nilimuuliza siku moja tukimenya mhogo.

"Nenda kachote maji," alisema, na ndoo ilikuwa imejaa.